Roger Brown: miaka sita nje ya uwanja bila kosa

Wanaokesha kutazama fainali za NBA wanaijua adha yake. Mechi inayoanza saa mbili na nusu za usiku kule Marekani, kwetu Mombasa ni saa tisa na nusu, na ikimalizika watu washasali alfajiri na mkate wa mofa ushatoka tanuri. Pale maskani hatutazami tu, tunabishana. Na ubishi mkubwa hauhusu nani bora kuliko nani. Ni huu: mchezaji akiingia matatani, akasimamishwa, akaaibika, shabiki aendelee kumpenda au avue jezi yake?

Wapo wenye huruma, wanaosema kila mja ana siku yake ya kuteleza. Wapo wakali, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa kiongozi wao. Ushahidi wetu ulikuwa Roy Tarpley wa Dallas. Alifungiwa na NBA mwaka 1991 kwa sababu ya dawa za kulevya, akarudishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata akafungiwa tena. Tulimtaja kila mara, tukadhani tumefunga mjadala.

Mwezi uliopita ubishi huo ulitoka kwenye televisheni ukatukalia mapajani. Kijana mmoja wa timu yetu ya mtaani, wa miaka 19, alichukuliwa na polisi usiku pamoja na wenziwe wawili aliokuwa ameketi nao barazani. Wenziwe walikutwa na kitu mfukoni. Yeye hakukutwa na chochote, hakushtakiwa, akaachiliwa siku ya pili. Aliporudi mazoezini akaambiwa angoje kamati ya timu ikae. Mimi ni mmoja wa wanakamati, na nakiri kwamba siku ile niliunga mkono angoje.

Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria Roger Brown, ambaye vijana wetu wengi hawajapata kumsikia. Naomba niwahadithie.

Alizaliwa tarehe 22 Mei 1942, akakulia Brooklyn, mjini New York, mahali ambapo mpira wa vikapu ni kama kandanda ya ufukweni kwetu: kila mtoto yumo. Akasoma shule ya sekondari ya Wingate. Mtaani humo humo, katika shule ya Boys High, kulikuwa na kijana mwingine aliyeitwa Connie Hawkins, mrefu, mikono mikubwa, anayeruka kana kwamba hana uzito. Wawili hawa walikuwa gumzo la mji. Mwaka 1960 shule zao zilikutana katika ukumbi wa Madison Square Garden. Brown alifunga pointi 39, akampita Hawkins kwa mbali, lakini Boys High ndio walioshinda. Sifa ya Brown haikuwa nguvu. Ilikuwa ule mwili wake unaoahidi kwenda kushoto kisha ukaenda kulia, na mlinzi akabaki ameduwaa. Baadaye walimpa lakabu ya mtu mwenye hila elfu moja.

Viwanja vya mtaani vya New York vilikuwa na wageni wao. Mmoja alikuwa wakili aliyeitwa Jack Molinas. Huyu naye aliwahi kuwa mchezaji hodari. Alichezea timu ya Fort Wayne katika NBA, akafukuzwa mwanzoni mwa mwaka 1954 kwa kuweka dau kwenye mechi za timu yake mwenyewe. Baada ya hapo akajenga mtandao wa kuharibu mechi za vyuo vikuu. Njia yake haikuhitaji timu ishindwe. Kama wacheza kamari walitarajia timu fulani ishinde kwa pointi 10, mchezaji alihongwa ahakikishe inashinda kwa 4 au 5. Mashabiki wanashangilia, kocha anafurahi, na pesa zishahama mifuko. Ndio maana ilikuwa vigumu kugundua. (Vijana wetu wanaojaza mikeka ya kamari kwenye simu usiku kucha wangefaa kuisoma vizuri aya hii.)

Molinas aliwatafuta wachezaji wangali wachanga. Alikuja uwanjani mwenye gari na maneno matamu, akawapa watoto wa kimaskini chakula na lifti, akawa rafiki yao. Brown na Hawkins walikuwa miongoni mwa aliowazoea hivyo. Hawkins alikopa kwake dola 200 za mahitaji ya chuo, na nduguye akazilipa. Kwa vijana wa umri ule, Molinas alikuwa mkubwa mwema wa mtaani. Hapana mtoto anayeuliza sahani ya chakula imetoka wapi.

Brown akaenda chuo kikuu cha Dayton, katika jimbo la Ohio. Siku zile mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo, kwa hiyo alicheza na wenzake wapya akisubiri zamu. Zamu haikufika. Mwaka 1961 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan, Frank Hogan, ilifichua mtandao wa Molinas, na wachezaji wengi wa vyuo mbalimbali wakaguswa. Majina ya Brown na Hawkins yakatajwa kwa sababu walijuana na Molinas.

Hapa ndipo naomba msomaji asiharakishe. Brown hakuuza mechi. Wala hakuwa na mechi ya kuuza, kwa kuwa hajapata kuichezea timu kubwa ya chuo hata dakika moja. Hakushtakiwa na mahakama yoyote, hakuhukumiwa na hakimu yeyote. Hata hivyo chuo kilimtoa, na NBA ikaweka wazi kwamba hapana timu yake itakayomchukua. Hawkins, aliyekuwa chuo kikuu cha Iowa, yakamkuta yayo hayo. Molinas alihukumiwa mwaka 1963, akaenda jela, akatoka, na mwaka 1975 akauawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake Los Angeles. Yeye angalau alipata kesi.

Brown alikuwa na miaka 19. Angeweza kurudi Brooklyn na kupotea. Badala yake alibaki Dayton, mji ule ule uliomfukuza chuoni, kwa sababu mtu na mkewe wa hapo walimchukua nyumbani kwao kama mwana. Sikumbuki kusoma kwamba walikuwa na wadhifa wowote. Walimfungulia mlango, basi. Akapata kazi katika kiwanda cha General Motors, akifanya zamu za usiku. Na mpira hakuuacha. Alicheza ligi za wasiolipwa pale mjini, na moja ya timu zake ilifadhiliwa na kampuni ya kuzika wafu. Fikirieni: mchezaji ambaye pengine alikuwa miongoni mwa kumi bora wa nchi nzima, anatoka zamu ya kiwandani, anavaa fulana yenye jina la wazishi, anacheza mbele ya watu wachache kwenye ukumbi mdogo. Akifika nyumbani, kwenye televisheni wapo aliowashinda utotoni, wanalipwa.

Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka sita, kutoka 19 hadi 25. Mchezaji yeyote atakuambia hiyo ni miaka gani. Ndiyo miaka ambayo magoti hayajaanza kulalamika.

Mwaka 1967 ikaanzishwa ligi mpya ya kushindana na NBA, iliyoitwa ABA. Mpira wake ulikuwa wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na samawati, na ndiyo iliyoupa uhai mtupo wa pointi tatu, ambao NBA iliucheka kisha ikauchukua mwaka 1979. Mji wa Indianapolis ukaunda timu, Pacers, wakawa wanatafuta wachezaji. Oscar Robertson, nyota mkubwa wa NBA aliyekulia mji huo, aliwaambia yupo kijana Dayton, wakamtafute. Robertson alikuwa na jina la kulinda, naye hakuogopa kulitia doa kwa kumtaja mtu aliyefungiwa. Brown akawa mchezaji wa kwanza kabisa kutia saini na Pacers.

Inasemekana hakukubali upesi. Alikuwa na mshahara wa uhakika kiwandani, na ligi mpya ingeweza kufa kabla ya msimu kwisha. Simlaumu. Mtu aliyewahi kunyang'anywa kila kitu kwa siku moja hahami kwa ahadi.

Alichofanya Indianapolis ni hadithi nyingine. Pamoja na Mel Daniels, Freddie Lewis na Bob Netolicky, chini ya kocha Bob Leonard, aliifanya Pacers kuwa timu bora ya ABA: mabingwa mwaka 1970, 1972 na 1973. Fainali za 1970, dhidi ya Los Angeles Stars, nazirudia kila mara mtu akiniuliza kwa nini nashughulika na mchezaji wa zamani hivi. Katika mechi ya nne alifunga pointi 53. Ya tano, 39. Ya sita, iliyowapa ubingwa, 45. Jumla pointi 137 kwa mechi tatu za mwisho za fainali, na yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa hatua hiyo. Wanaosema kipaji kikikaa bila kutumika hufa, wana kazi ya kueleza hapo.

Lakini kuna jambo linalonigusa kuliko pointi. Hawkins aliishtaki NBA, na mwaka 1969 ligi ikakubali kumlipa fidia ya zaidi ya dola milioni moja na kumpokea. Akaenda Phoenix Suns, na mwaka 1992 akaingizwa katika nyumba ya heshima ya mchezo huu. Brown naye mlango ukafunguka. Angeweza kwenda ligi kubwa, kwenye pesa na kamera, na kuwaonyesha waliomfungia. Hakwenda. Alibaki na Pacers, waliomtaka wakati hapana mwingine aliyemtaka. Pale maskani tunapobishana kuhusu uaminifu, huwa tunazungumzia uaminifu wa shabiki kwa mchezaji. Huu ni wa upande wa pili, na hauji kwa kudaiwa.

Na mji ule nao ulimjibu. Mwaka 1971, angali anacheza, watu wa Indianapolis walimchagua kuwa mjumbe wa baraza la mji kwa tikiti ya chama cha Republican. Kijana aliyeonekana hafai kukaa darasani Dayton, miaka kumi baadaye anapiga kura juu ya bajeti ya mji mzima, kisha jioni anakwenda uwanjani. Sisi wa Pwani tumezoea kuona wanasiasa wakijifanya wanamichezo wakati wa kampeni. Mwanamichezo kuingia barazani huku jasho halijakauka, hilo ni nadra.

Miguu ikaanza kuchoka. Msimu wake wa mwisho alihamishwa Memphis, kisha Utah, akarudishwa Pacers kumalizia, akaacha mwaka 1975. Mwaka uliofuata ABA ilivunjika na Pacers wakaingia NBA pamoja na timu nyingine tatu. Timu aliyoianzisha ilifika ligi kubwa, yeye ameshavua viatu. Hakucheza NBA hata mechi moja maishani mwake.

Pacers waliiweka jezi yake namba 35 juu ya ukumbi mwaka 1985, isivaliwe tena. Saratani ya ini ilimuua tarehe 4 Machi 1997, akiwa na miaka 54. Nyumba ya heshima ilimwingiza mwaka 2013, miaka 16 baada ya kuzikwa. Hawkins aliingia akiwa hai, akatembea mwenyewe hadi jukwaani.

Kuna wenzangu watasema nachanganya mambo: Tarpley alifanya makosa kweli, tena zaidi ya mara moja, na Brown hakufanya. Ni kweli, na sitaki kuwatia kapu moja. Sina jawabu zuri juu ya Tarpley mpaka leo. Ninalojua ni kwamba sisi wakali wa maskani hatukuwa tunatofautisha. Tulisikia jina likitajwa pamoja na baya, tukavua jezi, tukaendelea na chai yetu. Waliomfungia Brown hawakuwa majabari. Walikuwa watu wenye hofu ya kuchafuka, waliosema tungoje kwanza, na kungoja kwao kukawa miaka sita.

Kijana wetu amengoja wiki tano. Nimemwona jioni, uwanja ukiwa mtupu, akirusha peke yake na kujiokotea mpira mwenyewe. Mamake alinisimamisha sokoni wiki jana, akanisalimu kwa adabu zote, akaniuliza mwanawe amekosa nini. Nilimwambia kamati itakaa.

Kamati inakaa Jumapili baada ya alasiri. Tuko saba, na kwa hesabu yangu watatu wanataka arudi, watatu hawataki. Picha ya Brown amevaa jezi namba 35 nishaichapisha, nitakwenda nayo.