Rugomora Mahe na Moto wa Wahunzi

Kwa walimu wenzetu wa Ngara na Biharamulo wanaotafuta pa kuanzia somo la kuyeyusha vitu, sisi tungelianzisha kwa mtu: Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamtwara katika karne ya 17, wa ukoo wa Wahinda, ambaye ikulu yake ilikuwa Katuruka, upande wa Bukoba.

Masimulizi ya Wahaya yanaeleza kwamba mfalme huyu alitamani kujua mbingu zinafananaje. Aliwakusanya wahunzi, akawaamuru wamfulie mnara wa chuma wa kumfikisha huko. Kazi ikafanyika Kaiija, penye mti mkubwa, na mnara ukaanguka. Mengine ya utawala wake tunamwachia mwalimu wa historia. Sisi twautaka moto wake.

Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo akiongozwa na masimulizi hayo. Aliona mabaki ya uhunzi yaliyoutangulia utawala wa Rugomora kwa zaidi ya miaka 1,500. Kwa maoni yetu, basi, mfalme aliweka fahari yake juu ya majivu ya wengine.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri la kale: kuta za udongo wa kichuguu na mavi ya chuma, shimo lenye majani ya bwawani yaliyochomwa, mirija ya udongo na mivukuto. Joto lilipita nyuzi 1,400 za Selsiasi. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Hapa mwanafunzi hupotea, akidhani mhunzi alikimimina chuma kama uji. Kilichoyeyuka ni mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilibaki bonge la kufuliwa. Ndivyo walivyofanya pia Warongo wa Uzinza, majirani wa Biharamulo, ambao majembe yao yaliuzwa hadi Unyamwezi.

Darasani tupange vitu kwa zamu: nta, kisha bati kwenye nyuzi 232, alumini 660, shaba 1,085. Makaa ya jikoni hayaifikii shaba mpaka yapulizwe kwa nguvu. Mwali wa mshumaa nao hupita nyuzi 1,000, ila hauyeyushi sufuria ya alumini, kwa sababu wingi wa joto lake ni mdogo na sufuria hulitawanya upesi. Ukali wa joto si wingi wake. Risasi ya betri kuukuu huyeyuka kwa urahisi, kwenye nyuzi 327, nayo isiguswe kabisa: moshi na vumbi lake ni sumu kwa watoto.