Mwalimu Nyerere na Tiba ya Wasio na Uwezo

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Wengi humkumbuka kwa Uhuru na kwa Azimio la Arusha. Sisi twapenda wafanya kazi na wakulima wa Mbeya na Iringa wamkumbuke pia kwa jambo jingine, nalo ni gharama ya matibabu ya mtu mwenye kipato kidogo.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Mwaka 1954 yeye na wenzake waliunda TANU. Nchi ilipojitawala mwaka 1961, aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Maadui hao hawatengani, kwa maana mgonjwa hawezi kulima, na asiyelima hana cha kumlipa mganga.

Nyanda za Juu Kusini zilikwisha kulijua jambo hilo. Vijana wake walikuwa wakiandikishwa kwenda migodi ya Afrika Kusini na mashamba ya mkonge, na wapo waliorudi na maradhi ya kifua. Serikali ya Uhuru ilikomesha uandikishaji ule wa kwenda Afrika Kusini.

Baada ya Azimio la 1967, zahanati na vituo vya afya vilienezwa vijijini. Katika wodi za kawaida za hospitali za serikali mgonjwa hakudaiwa ada. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza kinga. Mwaka 1977 sheria ilikataza tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida. Mwaka 1983 ukaanza mpango wa lishe wa Iringa katika vijiji 168, ambako watoto walipimwa uzito na wanakijiji wenyewe wakashauriana juu ya chakula chao.

Hata hivyo, haifai kumsifu Mwalimu kwa kuficha ukweli. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na udhaifu wa uchumi vilipunguza fedha za serikali, na dawa zikaadimika. Mgonjwa hakudaiwa ada, lakini mara nyingi alikuta kabati tupu. Mwaka 1991 tiba ya kibinafsi iliruhusiwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza, pamoja na misamaha kwa wasioweza kulipa. Mwaka 1996 mfuko wa afya ya jamii ulijaribiwa Igunga, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyoagiza ziwepo fedha za kuwagharamia wasio na uwezo.

Basi somo la maisha yake ni hili: haki ya kutibiwa haina budi kuwa na fedha nyuma yake. Msamaha ulioandikwa ukutani haumponyi mjane wa Makete wala kibarua wa chai wa Mufindi, ikiwa hospitali hairudishiwi gharama zake. Yawapasa viongozi wa vijiji waorodheshe wasio na uwezo hadharani, bila upendeleo, na halmashauri zilipe deni lao kwa wakati. Nasi wengine, tulio na mshahara au mavuno, tuchangie tukingali wazima, maana maradhi hayapigi hodi.