Boris Karloff: Kuli aliyevaa sura ya zimwi

Katikati ya mwaka 1931 studio ya Universal kule Marekani ilikuwa ikitafuta mtu wa kuigiza zimwi lisilosema. Bela Lugosi, nyota wa Dracula, hakuichukua kazi hiyo. Mwongozaji James Whale akamwona mwanamume mmoja mwembamba, mwenye uso wa mifupa, ameketi kwenye kantini ya studio. Alikuwa na miaka 43, ameshaonekana katika filamu nyingi, na watazamaji hawakulijua jina lake.

Jina lenyewe lilikuwa la kujipa. Boris Karloff alizaliwa London tarehe 23 Novemba 1887 akiitwa William Henry Pratt, mtoto wa mwisho katika familia kubwa yenye damu ya Kihindi. Wazazi walimtoka mapema, akalelewa na kaka na dada zake. Alikuwa na kigugumizi na miguu ya matege. Ndugu walitaka awe mtumishi wa serikali ng'ambo. Mwaka 1909 yeye akapanda meli kwenda Kanada.

Huko alilima mashamba ya watu, akachimba mitaro, akazunguka na vikundi vya maigizo ambavyo wakati mwingine vilifilisika njiani. Alipofika California mambo hayakubadilika sana. Filamu zikikosekana, aliendesha lori la vifaa vya ujenzi na kushusha mizigo kwa mikono yake. Aliyewahi kubeba saruji kutwa anajua mgongo unavyosema usiku.

Basi zimwi la Frankenstein nalo likawa mzigo. Kila asubuhi Jack Pierce alimpamba kwa muda wa saa nne hivi: paji la uso lililoinuliwa, vyuma viwili shingoni, kope nzito. Karloff alitoa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu liingie ndani. Mabuti yalikuwa mazito mno. Aliagizwa kumbeba mwigizaji mwenzake na kupanda naye kilima mara kwa mara, na maumivu ya mgongo yakawa yake maisha yote. Filamu ilipofunguka, mahali pa jina lake paliwekwa alama ya kuuliza tu.

Watu walijaa kumbi ili watishike. Wakatishika. Lakini walitoka wakilihurumia zimwi, na hapo ndipo ilipo siri ya filamu hii, kwa maoni yangu. Damu na giza kila studio ilikuwa nazo. Karloff aliigiza kiumbe aliyeletwa duniani bila kuomba, akakimbiwa na aliyemuumba, akapigwa kabla hajajua kosa lake. Tazama anavyoinua mikono kuushika mwanga wa jua unaopita darini. Watoto ndio walioelewa upesi, wakamwandikia barua za kumwonea huruma.

Mafanikio hayakumsahaulisha saa zile za kazi. Studio iliweza kumshikilia mwigizaji zaidi ya siku nzima bila kupumzika. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa filamu, wakati ambapo kuonekana tu kwenye mikutano kungeweza kumkosesha mtu mkate. Nyota aliyekwisha kupata angeweza kukaa kimya. Yeye alikwenda.

Aliendelea kuigiza hadi uzeeni, mapafu yakiwa mabovu, akapumzikia kwenye kiti cha magurudumu kati ya tukio na tukio. Alifariki Uingereza tarehe 2 Februari 1969, akiwa na miaka 81.

Kuna kipande kimoja hakukiona kikirudishwa. Zimwi linacheza na mtoto wa kike kando ya ziwa, wakirusha maua yaelee. Maua yakaisha, zimwi likamrusha mtoto, likidhani naye ataelea. Karloff hakupenda mtoto arushwe. Wakaguzi nao walikikata, ikabaki mikono inayonyooshwa, kisha baba akibeba maiti ya binti yake, na watazamaji wakawaza maovu makubwa kuliko yaliyotokea. Katika miaka ya 1980 kikarudishwa, na uso wa zimwi ukaonekana tena, umeduwaa, likiyapapasa maji.