Dk. Burkitt, daktari aliyefuata uvimbe kwa gari bovu

Mtu wa Bulongwa, kule wilayani Makete, akiumwa chembe ya moyo hunywa kwanza chai ya tangawizi. Isiposaidia, hununua dawa ya vidonda vya tumbo dukani. Akipata nafuu anarudi shambani kwenye viazi. Maumivu yakirudi, ananunua tena. Miezi inapita. Njombe mjini na Makambako mambo ni hayo hayo. Wengi wao kweli wana vidonda vya tumbo. Wachache wana saratani ya tumbo, na kwao kila mwezi unaopita una gharama.

Wiki hii nitakueleza ugonjwa huo kupitia maisha ya daktari mmoja aliyefanya kazi kwa jirani zetu Uganda, Dk. Denis Burkitt. Sababu ya kumchagua utaiona mbele.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa ndege wa porini: aliwavisha pete miguuni na kuchora ramani za mahali kila mmoja alipoishi. Akiwa na miaka 11, Denis alipata jeraha na kupoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akaacha, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi, na Kenya ilikuwa moja ya vituo vyake. Mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto mwenye uvimbe kwenye taya, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba hivyo hivyo. Alipompapasa tumbo akakuta uvimbe humo pia. Hapo akaanza kupekua mafaili ya Mulago, akagundua kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo kwa watoto hao ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliuandika katika jarida la madaktari wa upasuaji. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Kisha akajiuliza swali ambalo baba yake angelielewa: unapatikana wapi, na wapi haupo? Alituma picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kusafiri kwa wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi. Walitembelea hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misheni, na katika kila moja waliuliza swali hilo hilo huku wakionyesha picha.

Ramani yake ilionyesha jambo la ajabu. Karibu na ikweta, ugonjwa huo haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ulikaa sehemu za joto na mvua, zenye mbu wa malaria. Nyanda za juu zenye baridi, kama zilivyo za Makete, hazikuwa makazi yake.

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Katika wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, aliyehisi kwamba huenda kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kwamba wamekiona. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr. Wengi wetu hukipata tangu utotoni na hakitudhuru. Baadaye ilibainika kwamba kipo katika takriban kesi moja kati ya 10 za saratani ya tumbo kwa watu wazima. Hiyo ndiyo sababu ya kumchagua daktari huyu.

Hata hivyo, kisababishi kikubwa cha saratani ya tumbo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, yule yule anayeleta vidonda. Mwaka 1994 alitangazwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani. Hutibika kwa dawa za antibiotiki zikinywewa kikamilifu. Sigara, vyakula vyenye chumvi nyingi au vilivyokaushwa kwa moshi, na kuwa na ndugu wa damu aliyeugua, navyo huongeza hatari. Na hapa ramani inageuka: katika Afrika Mashariki saratani ya tumbo imeonekana zaidi maeneo ya milimani, kama Kilimanjaro na nyanda za Rwanda na Burundi. Mtu wa milimani asijidhanie salama.

Dalili zake mwanzoni ni ndogo: kiungulia kisichoisha, kushiba baada ya matonge machache, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Baadaye huja kupungua uzito bila sababu, kutapika mara kwa mara au kutapika damu, choo cheusi kama lami, shida ya kumeza, na uchovu wa upungufu wa damu. Ukiona mojawapo ya hizi za baadaye, au ukiwa umevuka miaka 50 na tumbo limeanza kusumbua upya, usirudi dukani. Nenda hospitali.

Burkitt alijua kwamba macho na mikono havitoshi. Kipande cha uvimbe lazima kipimwe maabara. Hata leo ni hivyo. Daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, huangalia tumbo kwa ndani na kuchukua nyama kidogo. Kipimo hicho huitwa endoskopia. Mgonjwa wa Bulongwa aanzie hospitali ya Kilutheri iliyopo hapo hapo kijijini, na akihitaji vipimo zaidi aombe rufaa kwenda Mbeya au Dar es Salaam.

Kuhusu tiba, Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi Uganda, na kisu hakikutosha. Akajaribu dawa za saratani. Baadhi ya watoto waliokuwa wakifa walipona kwa dozi chache tu. Saratani ya tumbo la mtu mzima si nyepesi hivyo. Ikiwahiwa, hukatwa sehemu ya tumbo au tumbo zima, na mara nyingi dawa hutolewa kabla na baada ya upasuaji. Ikichelewa, tiba hupunguza maumivu na kurefusha maisha.

Aliyekatwa tumbo hula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, hutafuna sana na huepuka sukari nyingi kwa mkupuo. Aliyeondolewa tumbo zima huhitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano. Wengi hurudi shambani, ingawa uzito huchelewa kurudi.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwasihi Wazungu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama alivyoona wanakijiji wa Afrika wakila, ili kujikinga na magonjwa ya utumbo. Alifariki dunia Machi 1993 baada ya kupata kiharusi.

Hakuwa na jicho la pili wala kifaa cha gharama. Alichokuwa nacho ni tabia ya kuuliza mapema na kuandika alichokiona. Nawe fanya hivyo: andika tarehe tumbo lilipoanza kuuma. Zikipita wiki tatu hujapona, mpelekee daktari hiyo karatasi.

Tukutane wiki ijayo.