Joan Root: Ziwa Naivasha lilimtuliza, naye akalitetea hadi kifo

Leo tunamkumbuka Bi Joan Root, mtengenezaji mashuhuri wa filamu za wanyamapori wa Kenya, aliyeuawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake Naivasha tarehe 13 Januari 2006. Zilikuwa zimesalia siku tano tu atimize umri wa miaka 70.

Bi Joan alizaliwa Nairobi mwaka 1936, na baba yake alikuwa mlowezi wa Kiingereza. Mwaka 1961 aliolewa na Alan Root, mpiga picha kijana aliyependa hatari. Bwana alishika kamera, na Bi Joan, aliyekuwa mkimya na mwenye haya, akabeba kazi nyingine zote: magari, chakula, kurekodi sauti na kulea wanyama yatima. Pamoja walipiga picha viboko chini ya maji katika chemchemi za Mzima na wakavuka Kilimanjaro kwa puto. Filamu yao ya mwaka 1978 kuhusu maisha ya mchwa ndani ya kichuguu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndoa hiyo ilianza kuvunjika, na ikaishia katika talaka. Bi Joan hakuwa na mtoto, na kazi yote ya maisha yake ilikuwa imefungamana na mume huyo. Wengi katika hali kama hiyo huhama ili wasahau. Yeye alibaki katika shamba walilonunua mwaka 1963 kando ya Ziwa Naivasha. Akaendelea kuwatunza wanyama yatima na waliojeruhiwa, na polepole jeraha la moyo wake likapata nafuu katikati ya mafunjo, ndege na viboko.

Lakini ziwa lililomponya lilikuwa nalo likiugua. Mashamba makubwa ya maua yanayouzwa Ulaya yalivuta maji yake na kuleta maelfu ya watu waliotafuta kazi. Vitongoji kama Karagita vilifurika watu bila huduma za kutosha za maji safi na majitaka. Wasio na ajira waliingia ziwani na nyavu za matundu madogo, zilizonasa hata samaki wachanga. Hali hiyo ilitokea ingawa mwaka 1995 Naivasha ilikuwa imetambuliwa kimataifa, chini ya mkataba wa Ramsar, kuwa ardhioevu muhimu.

Samaki walipopungua, uvuvi ulipigwa marufuku kwa muda mwaka 2001. Bi Joan alisaidia kuanzisha kikosi cha doria cha vijana wa huko huko, baadhi yao wakiwa wavuvi haramu wa zamani, kikawa kinakamata nyavu zilizokatazwa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa habari hii. Kwake yeye, kila wavu ulioondolewa ulilipa ziwa nafasi ya kupumua. Kwa mvuvi asiye na kibarua, wavu huo huo ulikuwa chakula cha watoto wake. Chuki ikaongezeka, na marafiki wakamsihi aondoke. Alikataa.

Watu wanne walishitakiwa kwa mauaji yake, lakini mwaka 2007 mahakama iliwaachia huru. Bwana Alan Root naye alifariki dunia mwaka 2017, na hadi hapo hakuna aliyekuwa amepatikana na hatia.

Kwa wasomaji wetu walio mbali na nyumbani, iwe Fordsburg mjini Johannesburg au London, wengi wetu tunakijua kiu cha kuona miti na maji baada ya msiba au dhiki. Maisha ya Bi Joan yanatukumbusha kwamba mahali panapotuliza moyo nako kunahitaji kutunzwa. Yanatukumbusha pia kwamba ni vigumu kuliokoa ziwa ikiwa watu wanaoishi kando yake wanalala na njaa.