Emin Pasha: Tabibu Aliyeachia Ua Jina Lake

Upo mmea mmoja katika misitu yetu ya baridi ambao wengi hupita chini yake bila ya kuinua macho. Ni mmea wa kutambaa, uotao juu ya miti mikongwe, kwenye panda za matawi zilizojaa mboji. Maua yake huning'inia kama kengele, rangi ya chungwa yenye mishipa myekundu. Ukitaka kuutambua, hesabu ncha za ua: ni sita, ilhali jamaa zake wengi huwa na tano. Kata shina, utaona utomvu mweupe kama maziwa. Lobelia kubwa za Mlima Kenya ni wa ukoo huo huo.

Jina lake la kitaalamu ni Canarina eminii. Nilipolisikia mara ya kwanza nilijiuliza, huyu Emin ni nani? Nikaanza kumtafuta vitabuni.

Alizaliwa mwaka 1840 katika Silesia, kwenye mji ambao leo umo Poland, akaitwa Eduard Schnitzer. Alisomea utabibu, lakini hakupata ruhusa ya kutibu kwao. Akaenda kutumikia dola ya Waturuki, akajifunza lugha nyingi, na akajiita Mehemet Emin, yaani mwaminifu. Mwishoni mwa 1875 aliwasili Khartoum. Mwingereza Gordon akamfanya mganga mkuu wa jimbo la Equatoria, ambalo leo limegawanyika baina ya Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda. Mwaka 1878 akawa gavana wake.

Alikuwa mtu mfupi, macho yake hayaoni mbali, lakini kidege au jani halikumpita. Alikusanya, akaandika, akapeleka sanduku kwa sanduku kwa wataalamu wa Ulaya. Vita vya Mahdi vilipoifunga njia ya Nile, na Khartoum ikaanguka mwaka 1885, hakuwa tena na pa kutokea. Ndipo Stanley alipotumwa kumwokoa, akiwa na wapagazi zaidi ya 600 kutoka Unguja. Walipokutana karibu na Ziwa Albert mwaka 1888, mwokozi ndiye aliyekuwa hoi, na mwenye kuokolewa ndiye aliyetoa chakula na nguo.

Walifika Bagamoyo Desemba 1889. Usiku ule ule wa karamu, Emin alianguka kutoka dirisha la juu, akavunjika fuvu la kichwa. Akapona. Badala ya kurudi kwao, aliingia tena bara mwaka 1890 kwa ajili ya Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba. Oktoba 1892, katika nchi ya Kongo, alikatwa kichwa kwa amri ya Kibonge, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Mwaka huo huo wataalamu wa Berlin waliutangaza mmea kwa jina lake.

Nami nikataka kuuotesha. Niliokota tunda lililoanguka, nikapanda mbegu zake katika kopo lenye mboji na mchanga, kivulini. Mmea wa kwanza niliuua mwenyewe. Kiangazi kilipofika majani yalinyauka, nami nikazidi kuumwagia maji hadi kiazi chake kikaoza. Wa pili niliupanda kwenye shina la mti wa zamani nyuma ya nyumba. Uliponyauka nilitaka kuung'oa, mke wangu akanikataza. Tukauacha mkavu. Mvua zilipoanza, kiazi kilitoa chipukizi, na mwaka uliofuata chozi walikuwa wakifyonza asali ya maua yake. Basi anayetaka kuupanda akumbuke: kivuli, mboji nyepesi, kitu cha kupanda juu, na asinyweshe wakati umelala.

Kila unapochanua namkumbuka Emin. Jimbo lake lilimponyoka, askari wake walimwasi, na wale aliowatumikia mwishoni nao wameondoka. Kilichobaki ni kazi aliyoifanya kwa mapenzi. Lakini nawakumbuka pia wapagazi wa Unguja. Wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi katika misitu ya Kongo, ili mtu mmoja aletwe pwani. Hakuna ua lililopewa jina la hata mmoja wao. Mwanangu akiniuliza habari za mmea huu, humsimulia habari zao pia.