Nachos zilianza na mtu: Maisha ya Ignacio Anaya

Ukishuka matatu pale Mwiki, upande wa Ruiru, saa moja jioni, safari ya kufika kwa nyumba ina majaribu mengi. Kuna msee wa mutura anayekatakata vipande juu ya ubao. Kuna mama wa chapo. Kuna kijana wa smocha anayepasua smoki, anaijaza kachumbari na kuifungia ndani ya chapati kabla hujamaliza kutoa simu umlipe. Na wikendi ukiwa na doh kidogo, unapanda mat hadi TRM, unaketi Java, unaagiza quesadilla, unaipiga picha kwanza ndipo ule.

Sasa jiulize. Huyo mtu wa kwanza kufungia smoki ndani ya chapo anaitwa nani? Smocha inalisha nusu ya mtaa na haina jina la mtu. Nachos nazo, zile kripsi za mahindi zenye jibini na pilipili unazoziona kwenye menyu za Kimeksiko, zina jina la mtu ndani yake. Mtu huyo aliishi, akafanya kazi ya kuhudumia wateja, akazeeka na kufa. Wacha nikuambie habari zake, kwa sababu zinakuhusu kuliko unavyodhani.

Aliitwa Ignacio Anaya. Kule Meksiko, mtu akiitwa Ignacio, marafiki humfupishia jina kuwa Nacho, vile Kamau hapa kwetu anakuwa Kamaa na Wanjiku anakuwa Shiku. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1895 katika jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko. Maisha yake ya kazi yanajulikana zaidi katika mji wa Piedras Negras, ulio mpakani. Fikiria Busia, lakini katikati pana mto mkubwa, na ng'ambo ya mto ni Eagle Pass, mji wa jimbo la Texas, Marekani. Watu walivuka kwenda kununua vitu, kula na kurudi. Chakula nacho kilivuka nao, kikachanganyika, na mchanganyiko huo ndio leo unaitwa Tex-Mex: mahindi na pilipili za Meksiko, jibini ya manjano na mapenzi ya nyama ya Texas.

Mwaka wa 1943 dunia ilikuwa vitani. Eagle Pass ilikuwa na wanajeshi wa Marekani, na wake zao walizoea kuvuka mto kuja Piedras Negras. Siku moja kikundi cha akina mama hao kiliingia mkahawa wa Victory Club kikitaka kitu cha kutafuna. Anaya ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi, yule anayekupokea mlangoni na kukuonyesha meza. Kupika haikuwa kazi yake. Akaenda jikoni, mpishi hayupo.

Hapo wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungerudi mezani tukaomba radhi. Anaya aliangalia kilichokuwepo. Alichukua tortilla, zile chapati nyembamba za mahindi, zilizokuwa zimekatwa pembetatu na kukaangwa. Akazinyunyizia jibini ya cheddar iliyokwanguliwa, akaziingiza kwenye moto hadi jibini ikayeyuka, kisha akaweka juu vipande vya jalapeño vilivyohifadhiwa kwenye siki. Akapeleka mezani. Wale akina mama walipenda, wakaongeza. Sahani ikapewa jina lake: Nacho's Especiales, yaani kitu spesheli cha Nacho.

Usichukulie hayo mahindi kimzaha. Mahindi yalitoka Meksiko karne nyingi kabla hayajawa ugali wako, na pilipili pia asili yake ni huko Amerika. Tofauti ni kwamba wenzetu huchemsha mahindi kwenye maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, ndiyo maana unga wao unakubali kusukumwa ukawa tortilla bila kukatikakatika. Ukijaribu na unga wa ugali wa dukani utalia.

Habari za ile sahani zilivuka mto. Mwaka wa 1954 maelekezo yake yalichapishwa katika kitabu cha mapishi cha kanisa moja la Eagle Pass. Mikahawa mingine ikaanza kuiga, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyehitaji kumwomba Anaya ruhusa. Kufikia 1960, mwanawe aliuliza wakili kama familia inaweza kudai haki ya nachos. Jibu lilikuwa kwamba wamechelewa. Miaka 17 ilikuwa imepita na nachos zilikuwa tayari za kila mtu.

Lakini Anaya hakukaa kulia. Victory Club ilipofungwa mwaka wa 1961, alifungua mkahawa wake mwenyewe hapo Piedras Negras, akaupa jina lake: Nacho's. Pamoja na mkewe walilea watoto tisa. Alifariki Novemba 1975, akiwa na miaka 80.

Mwaka uliofuata, 1976, mfanyabiashara Frank Liberto alianza kuuza nachos kwenye uwanja wa besiboli wa Arlington, Texas. Yeye alitumia mchuzi wa jibini uliobaki laini bila kupashwa upya kila mara, kwa hivyo mteja alihudumiwa haraka na kurudi kuangalia mechi. Hapo ndipo pesa kubwa zilipoanza kuingia. Mwenye jina hakuziona.

Heshima ilikuja, japo imechelewa. Piedras Negras ilimwekea bamba la kumbukumbu, na kila Oktoba kuna tamasha la nachos mjini humo. Tarehe 15 Agosti 2019, Google iliweka mchoro wake kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Kwa nini nakusumbua na mzee wa Meksiko? Kwa sababu najua wewe ama beshte yako mna kibanda, ama mnapanga kuwa nacho. Labda una sosi yako ambayo watu wanatoka Githurai kuifuata. Sosi yenyewe jirani ataionja na kuiga, huwezi kumzuia. Jina ndilo unaloweza kulishika. Hapa Kenya alama ya biashara husajiliwa katika taasisi ya KIPI, kule South C, Nairobi. Ukisajiliwa unalindwa miaka 10, kisha unaweza kuongeza mingine. Anaya alikuwa na jina zuri kuliko yote, fupi, tamu mdomoni, na dunia nzima inalitamka hadi leo. Alipokuja kuuliziwa, lilikuwa limeshatoka mkononi.

Kwa hivyo leo ukipita kwa kijana wako wa smocha, muulize anaitwa nani. Na kama kibanda ni chako, andika jina hapo mbele kwa rangi, halafu uanze safari ya South C kabla mtu mwingine hajalipenda.